Nazi Nayo Yaelea

Haya ni mazungumzo niliyotoa jioni moja Mji wa Kale, Mombasa. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, nikaondoa vikohozi na pale spika ilipokatika.

Assalamu alaikum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma karibu na mlango ili muweze kutoroka. Habari za jioni kwa kila mmoja: aliyetoka kuswali, aliyetoka kazini, na aliyekuja kwa kuwa alisikia kuna kahawa. Kahawa ipo na haluwa ipo, lakini baada ya maneno.

Walioniita walinipa swali: ulimwengu huu umeundwa, au ulizuka kwa bahati tu? Wakaniambia nina dakika arubaini. Nimefundisha fizikia zaidi ya miaka thelathini. Dakika arubaini ni kipindi kimoja cha darasani, na sijawahi kumaliza mada yoyote ndani yake, basi mnivumilie.

Nilipokuwa natoka nyumbani jirani yangu aliniuliza naenda kusema nini. Nikamwambia. Akacheka. "Mwalimu, hilo lilishajibiwa na wazee. Ukiona vyaelea, vimeundwa." Akafunga mlango wake, kesi imekwisha.

Naanza na jirani kwa sababu pa kuanzia amepapata. Mwaka 1802 kasisi mmoja wa Uingereza, William Paley, aliandika kwamba mtu akijikwaa jiwe njiani hashangai, lakini akiokota saa atajua palikuwa na fundi. Hoja hiyo imejadiliwa vyuoni miaka mia mbili. Sisi tulikuwa nayo kwa maneno matatu, na mfano wetu haukuwa saa ya mfukoni. Ulikuwa jahazi.

Ami yangu alikuwa fundi wa vyombo Matondoni, kisiwani Lamu. Nilipelekwa kwake likizo moja nikiwa na miaka kumi na miwili, nikamkuta na jahazi changa ufuoni: mkuku umelazwa juu ya magogo, mbao za mbambakofi zimeegemezwa mnazini, na tezo yake inabandua mbao vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu. Karatasi haikuwapo. Alikuwa na uzi, kipande cha makaa, na jicho la kushoto. La kulia alilifumba. Kazi yetu sisi watoto ilikuwa kusokota pamba, kuichovya mafuta na kuishindilia kwenye nyufa za mbao. Kalfati. Vidole vilinuka sifa, yale mafuta ya samaki, wiki nzima, hata wali ulinuka sifa. Na ami alitwambia chombo kisichotiwa kalfati barabara kitakwenda chini hata kiwe kizuri kama bibi harusi. Basi aliyesema "vimeundwa" alijua anachosema. Alikuwa ameliona jasho lenyewe.

Hapo hapo ndipo ninapomshika jirani mkono kidogo. Ukiona jahazi unajua limeundwa kwa sababu umefika Matondoni, au unamjua aliyefika. Umeona vyombo vikiundwa, na hujaona hata kimoja kikichipuka mchangani. Ulimwengu je? Ni mmoja. Hakuna aliyesimama ufuoni ulipokuwa ukichongwa. David Hume, Mskoti, alilisema jambo la namna hiyo katika maandishi yaliyotoka 1779, miaka mitatu baada ya yeye kufa, na sijaona aliyelijibu akalimaliza.

Tena nazi nayo yaelea.

Nendeni pale Tudor maji yakijaa. Mtaona nazi inapita, imetoka shamba la mtu huko juu ya hori, yaelea vizuri kuliko ngalawa nyingi, na hakuna aliyeitia kalfati. Mtaona na mbegu za mikoko zimechongoka kama mikuki. Mbegu ya mkoko huota ingali mtini kwa mama yake. Ikianguka maji yamekupwa, huenda ikajichoma kwenye tope ikasimama hapo hapo; ikianguka maji yamejaa, inaelea kwenda kutafuta tope jingine. Fundi gani angewaza hivyo? Mtaniambia, nazo zina Muumba wake. Nami nasema amina. Lakini tazameni kilichoipata methali yetu. Kazi yake ilikuwa kututenganishia kilichoundwa na kisichoundwa, jahazi na gogo. Ukishasema jahazi limeundwa, na gogo limeundwa, na nazi na jiwe na maji yenyewe, basi kuelea si ushahidi tena. Uliamini kabla hujatazama. Kuamini si kosa, ila usiniambie imani hiyo umeiokota ufuoni.

Na lugha yetu inajua tofauti hiyo, mkiisikiliza. Methali haikusema "vimeumbwa". Ilisema "vimeundwa". Kuunda ni kazi ya anayekuta mbao zipo. Kuumba tumemwachia Mungu, ingawa mfinyanzi naye huumba chungu, na udongo ameukuta. Lugha haitaki kubanwa sana.

Jinsi nazi ilivyopata makumbi yake ya kuelea ni habari ya Charles Darwin na mwaka 1859, nayo inataka jioni yake. Nitataja kitu kimoja tu, maana hukosewa kila Ijumaa na kila Jumapili. Darwin hakusema kila kitu ni bahati. Mabadiliko madogo katika uzazi huja bila mpango, ndiyo. Lakini bahari inayoamua nazi ipi itafika ng'ambo ikiwa hai haichezi bahati nasibu. Iliyovuja imezama, haina wajukuu.

Sasa njooni Likoni. Kila mtu hapa amevuka Likoni. Mnaijua siku ambayo mteremko wa kuingia feri ni kama ukuta, mkokoteni wa magunia unashikwa na wanaume wanne na mmoja wao anamtukana mwenzake. Na mnaijua siku ambayo feri imekaa sawa na barabara, mwaingia kama mwaingia sebuleni. Siku za bamvua maji hapa Kilindini hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Siku za maji mafu yanajikokota tu. Je, ni bahati? Mvuvi anayejua hesabu ya mwezi atakwambia leo kesho kutwa maji yatakupwa saa ngapi. Basi kuna mtu anayateka na kuyamwaga? Hapana. Mwezi unavuta, jua linavuta, dunia inazunguka. Isaac Newton aliieleza kanuni ya mvutano huo mwaka 1687, na bandari inaweza kuchapisha leo jedwali la maji ya mwaka ujao, saa na dakika.

Kwa hiyo swali nililopewa lina tundu. Limesema: mwundaji au bahati, chagua. Kupwa na kujaa si bahati, na hakuna mkono unaomimina. Kuna kanuni, na kanuni ikishakuwapo kazi nyingi zinafanyika bila msimamizi. Mwenye kutaka kuuliza habari za Mungu asiulize nani anayamwaga maji ya Likoni. Aulize kanuni yenyewe imetoka wapi. Hilo ni swali jingine, gumu zaidi, na ndilo nitakalobaki nalo hadi kahawa.

Lakini kwanza niungame. Tarehe 3 Novemba 2013, siku ya Jumapili, jua lilipatwa. Kaskazini kwetu Turkana lilipatwa lote. Sisi Mombasa tuliliona limemegwa kama andazi. Jumatatu nikaingia kidato cha pili nimejaa furaha. Nikawaandikia ubaoni: jua kwa upana ni kubwa kuliko mwezi mara 400 hivi, na liko mbali kuliko mwezi mara 400 hivi, ndiyo maana mwezi unalifunika sawasawa kama kifuniko cha sufuria yake. Nikageuka, nikasema kwa sauti ya imamu, "Hiyo, watoto wangu, si bahati." Kulikuwa na msichana mmoja mstari wa mbele, mkimya, siku zote anachora pambizoni. Akainua mkono. "Mwalimu, si ulitufundisha mwezi unasogea mbali sentimita 3.8 kila mwaka?" Nikasema ndiyo. "Basi zamani ulikuwa mkubwa mno, na baadaye utakuwa mdogo mno. Kifuniko kimetoshea sasa hivi tu." Darasa likanyamaza. Kengele haikulia. Mnajua kengele, ukiihitaji hailii.

Alikuwa sahihi. Baada ya miaka milioni 600 hivi mwezi hautaweza tena kulifunika jua lote. Hatua ile niliyoiita ya makusudi ni kipindi cha kupita. Na la aibu zaidi ni kwamba mimi ni Mwislamu, na nilipaswa kulijua hili kutoka kwingine. Mwaka wa 10 wa Hijria alifariki Ibrahim, mtoto wa Mtume, rehema na amani zimfikie. Siku hiyo jua likapatwa, watu wakasema limepatwa kwa msiba wake. Baba aliyefiwa alikuwa na kila sababu ya kunyamaza awaache waseme. Hakuwaacha. Aliwaambia jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa mtu. Halafu akaswalisha. Mimi, kwa ajili ya kuwapendeza watoto arubaini, nilifanya kile alichokataa.

Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa lote Makka. Mtaona hotuba zitakazotolewa wiki hiyo. Kumbukeni msichana wangu.

Kuna kitu kingine kinanisumbua katika mfano wa saa na jahazi. Vimepangika mno. Mbingu hazikai hivyo, na sehemu ya habari hiyo ilitokea hapa kwetu pwani. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini upande wa kaskazini wa Malindi, Waitaliano waliirusha satelaiti ya Wamarekani, ya kwanza kutengenezwa kwa kazi ya kutazama eksirei zinazotoka angani. Kwa kuwa siku ilikuwa ya sherehe yetu waliipa jina Uhuru. Walichagua mahali hapa kwa kuwa ni karibu na ikweta, mzunguko wa dunia unasaidia kuisukuma roketi. Uhuru ikaorodhesha mamia ya vyanzo vya eksirei. Kimoja, Cygnus X-1, ndicho kilichokuja kuwa cha kwanza kukubaliwa na wengi kwamba humo mna shimo jeusi, linainyonya gesi ya nyota mwenzake. Riccardo Giacconi, aliyeiongoza kazi ile, alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002. Anga iliyoonekana ilikuwa ghasia: nyota zinalipuka, nyota zinalana, mionzi ambayo ingetukaanga ndani ya dakika. Karibu ulimwengu wote ni mahali pa kufa. Anayesema nyumba hii yote imejengwa kwa ajili ya mpangaji anayeishi pembeni kwenye kibanda kimoja ana kazi ya kueleza.

Haya. Nimempiga jirani vya kutosha, sasa nihamie upande wa pili, kwa wanaosema "imezuka tu" na kufunga mlango vivyo hivyo.

Nitawasimulia watu wawili. Wa kwanza Georges Lemaître, Mbelgiji, padri wa Kikatoliki na mwanahesabu. Mwaka 1927 aliandika kwamba ulimwengu unatanuka, na 1931 akapendekeza kwamba wote ulianza katika kitu kimoja kidogo kilichosongamana sana. Wa pili Fred Hoyle, Mwingereza, mtu asiye na dini, aliyeona habari ya mwanzo inanuka ubani wa kanisa. Yeye ndiye aliyeipa jina "mlipuko mkuu" katika kipindi cha redio mwaka 1949, na hakuwa akiisifu.

Padri alishinda. Mwaka 1964 wanafizikia wawili huko New Jersey, Arno Penzias na Robert Wilson, walikuwa na antena kubwa iliyokuwa na mngurumo usiokoma. Wakamkuta njiwa na mwenzake wametaga humo, wakakwangua mavi yao, wakawafukuza, wakarudi, yakawakuta makubwa. Mngurumo ukabaki. Ulikuwa joto lililobaki la ule mwanzo, digrii tatu hivi juu ya baridi ya mwisho kabisa. Wale wa umri wangu mnakumbuka chenga za televisheni usiku baada ya wimbo wa taifa? Sehemu kama moja kwa mia ya chenga zile ilikuwa hiyo hiyo. Tulikuwa tunautazama mwanzo wa ulimwengu, umri wa miaka bilioni 13.8, na tunampigia kelele mtoto apande juu ya paa ageuze antena.

Mngetarajia padri ainuke aseme: mmeona? Novemba 1951 Papa Pius wa 12 alikaribia kulisema katika hotuba yake. Lemaître hakufurahi. Yeye alishikilia kwamba nadharia yake haina shughuli na dini, mwamini na asiyeamini wanaweza kuitumia sawasawa, na kumtundika Mungu kwenye msumari wa fizikia ni kumtafutia aanguke siku msumari ukichomoka.

Na Hoyle? Hapa ndipo nipendapo kukaa. Hoyle alijiuliza kaboni imetoka wapi. Kaboni iliyo mwilini mwenu, iliyo kwenye makaa ya ami, iliyo kwenye sukari ya haluwa ile mnayoitazama. Nyota ni majiko. Zinapika haidrojeni kuwa heliamu, sawa. Lakini kupata kaboni unataka heliamu tatu zishikane, na mbili zikishikana zinaachana mara moja, hazikai hata sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Ya tatu ifike lini? Ni kama kutaka kuingia kwenye matatu inayopita bila kusimama, ukiwa na gunia. Hoyle akapiga hesabu, akaona kuna njia moja: kiini cha kaboni kiwe na kiwango fulani cha nishati mahali fulani hasa, karibu elektronivolti milioni 7.65, ili heliamu ya tatu ikifika ipokewe kama mgeni aliyetandikiwa. Hakuna aliyekuwa na hakika na kiwango hicho. Mwaka 1953 akaenda California, maabara alimofanya kazi William Fowler, akawaambia kitafuteni. Walimwona kama amechanganyikiwa. Wakatafuta. Kikawapo.

Na si hilo tu. Oksijeni nayo ina kiwango chake, nacho kiko chini kidogo, kidogo sana, ya pale ambapo kaboni yote ingepikwa ikawa oksijeni ikaisha. Miaka mingi baadaye Hoyle huyo huyo, asiye na dini, alisema inaonekana kana kwamba kuna akili iliyochezea fizikia.

Kwa hiyo padri alikataa kuutumia mwanzo kama ushahidi, na asiyeamini akashikwa na kaboni. Ningekuwa natunga hadithi ningewapanga kinyume, msingeniamini hivi.

Wanafizikia wana orodha ya mambo kama haya. Wapenzi wa taarabu mtaelewa upesi: ni udi. Mpiga udi hukaza nyuzi kabla ya kuanza, uzi mmoja ukilegea wimbo wote umeharibika. Nguvu ya mvutano, nguvu inayoshika viini vya atomu, uzito wa elektroni, yote ni nyuzi, na zimekazwa mahali ambapo nyota zinawaka muda mrefu na kaboni inapikwa. Tangu 1998 tunajua pia kwamba utanukaji wa ulimwengu unazidi kasi. Kinachousukuma ni kidogo kiasi kwamba makadirio ya kawaida ya nadharia yanakizidi kwa takriban 1 ikifuatwa na sifuri 120. Nimejaribu kuandika sifuri hizo ubaoni. Chaki ilikatika.

Sasa mtu ataruka: nyuzi zimekazwa, basi kuna mkazaji. Polepole. Hesabu zilizofanywa 1989 zilionyesha kiwango kile cha kaboni kingeweza kusogea kidogo bila kuharibu sana. Na hata pasipo hilo, kitu kuwa adimu peke yake hakisemi neno. Chukueni karata 52, zichanganyeni vizuri. Idadi ya mipangilio inayowezekana ina tarakimu 68. Mpangilio ulioshika mkononi karibu bila shaka haujawahi kutokea tangu karata zianze kuchezwa, na hutomshika mtu kwa wizi. Lakini akijigawia kopa zote kumi na tatu, kwa utaratibu, mara tatu mfululizo, utamshika mkono wa kanzu. Kwa nini? Kwa kuwa kopa kumi na tatu ulizijua maana yake kabla hajagawa. Uhai je, tuliujua maana yake kabla ya kugawiwa, au tunauita kopa kwa kuwa ndio tuliopewa? Sijui jibu lisilo na ubishi.

Kuna na wanaosema: lazima tujikute katika ulimwengu unaofaa, kwingine tusingekuwapo kuuliza. Simama ng'ambo ya Likoni, waulize wanaoshuka kwenye feri, mmefika? Wote watakwambia tumefika. Ni kweli, na inachekesha, lakini hainishibishi. Mvuvi aliyepinduliwa na dhoruba peke yake akaokotwa ufuoni Mtwapa anajua vizuri kwamba kama angezama asingekuwa anahadithia. Bado ataulizia habari za kupona kwake hadi kufa.

Wengine wanasema zipo dunia nyingi zisizohesabika, kila moja na nyuzi zake, sisi tumeangukia iliyokazwa sawa. Kiswahili kinaleta kichekesho hapa, maana "malimwengu" kwetu tayari ni mambo ya dunia, madeni na fitina na harusi za watu. Yanatutosha haya tuliyo nayo. Kwa kweli si wazo la kipumbavu. Baadhi ya nadharia za mwanzo wa ulimwengu zinaelekea huko zenyewe. Lakini hakuna aliyeziona dunia hizo, na udi usiohesabika nao unahitaji karakana. Mwenye kumcheka mwamini kwa kuamini asichokiona, halafu akaleta malimwengu yasiyoonekana, tunaweza kukaa naye baraza moja. Sote wawili tumetoka nje ya kilichopimwa.

Ugomvi wenyewe ni wa kale. Al-Ghazali, aliyefariki 1111, aliulizwa na wanafalsafa: kwa nini ulimwengu uwe hivi na usiwe vile, ikiwa vyote viwili vinawezekana sawa? Akatoa mfano wa tende. Mtu ana njaa, mbele yake tende mbili zisizotofautiana hata kidogo, rangi, ukubwa, umbali. Atakufa njaa? Hapana, atachukua moja. Hiyo ndiyo kazi ya hiari, akasema, kutenganisha viwili vilivyo sawa bila sababu ya nje. Ibn Rushd wa Qurtuba, aliyefariki 1198, akamjibu kwamba mtu yule hakuchagua tende hii dhidi ya ile. Alichagua kula dhidi ya kutokula. Nimewasoma wote wawili kwa miaka, na kila mwaka nampa mwingine ushindi. Mwaka huu, nadhani, ni Ibn Rushd. Nyuzi za udi zinaweza kuwa tende tu, hizi ama zile. La kushangaza ni kwamba pana kula. Pana udi. Kanuni ya mvutano inafanya kazi Likoni na inafanya kazi kule Cygnus, mahali pawili ambapo havijawahi kuambiana, na inaandikika kwa chaki.

Hapo nilikuwa nimalize, lakini mzee mmoja wa mstari wa mbele, bakora mkononi, alinikata. "Mwalimu, umetuzungusha kama bao la watu wawili wasiotaka kwenda nyumbani. Wewe mwenyewe wasema nini?"

Nikamjibu, mzee wangu, mimi naamini. Nilikuwa naamini kabla ya kujua kaboni, na kesho wakigundua kaboni inapikika kwa njia kumi nitaamka nikaswali alfajiri vile vile. Lakini sitamwambia mtoto wa mtu kwamba fizikia imenithibitishia, kwa sababu haijanithibitishia, na kuna mmoja mstari wa mbele ataniinulia mkono.

Akasema hilo si jibu, ni ungamo. Nikamwambia basi nimpe la ami.

Mataruma ya jahazi, zile mbavu za ndani, hupindi mbao ukapata taruma zuri. Unatafuta mti wa kombo, uliojikunja wenyewe msituni. Tulitoka mimi na ami asubuhi, tukatembea hadi jua likawa la utosi. Alikuwa akipita miti mizuri, iliyonyooka, haiangalii. Kisha akasimama mbele ya mti mmoja mbaya, umepinda kama mzee anayeokota kitu, akaupapasa kiunoni kwa kiganja, akasema, "Taruma la tatu kutoka omo." Aliliona tayari limekaa ndani ya chombo. Nikamuuliza, "Ami, na mti huu, nani aliupinda?"

Akautazama juu, upande unakotoka kusi. Akautazama chini, kwenye mizizi, palipokuwa na jiwe. Akakaa hivyo kitambo, tezo begani.

"Shika huo upande wa pili wa msumeno," akasema.

Tukakata. Karibuni kahawa.